Dhahabu Isiyochanganyika: Maisha ya Daktari Adrian Atiman wa Karema

Msafiri atokaye Singida kwenda Nzega hushuka mteremko mkali wa Sekenke, na akifika chini hukuta Shelui, mji mdogo wa wilaya ya Iramba, kando ya mbuga pana za Wembere. Watu wa huko ni wakulima na wafugaji, lakini vilima vyao vina mali nyingine iliyofichika. Tangu mwaka 1909, wakati wa Wajerumani, dhahabu imechimbwa Sekenke, na hata leo wachimbaji wadogo wanapasua mwamba, wanasaga mawe, wanaosha mchanga.

Siku moja nilipopita sehemu hizo, mzee mmoja mchimbaji alinionyesha karai lenye maji na mchanga. Humo mlikuwa na chembe nyingi za kumetameta, nami kwa ujinga wangu nikadhani kwamba mzee huyu amekwisha tajirika. Akatabasamu. Akalitikisa karai polepole, akimwaga maji kidogo kidogo, na zile chembe zilizong'aa kupita nyingine zikachukuliwa na maji, zikaenda zake. Chini kabisa kukabaki mstari mwembamba, hafifu kwa macho. Mzee akanieleza kwamba hiyo ndiyo dhahabu: haiondoki kwa sababu ni nzito.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipozuiliwa njia ya bahari na kukosa fedha, walichukua dhahabu ya Sekenke wakapiga sarafu mjini Tabora, mwaka 1916, sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Mjini humo humo walipiga pia sarafu ndogo za heller kwa shaba ya manjano, na kutokana na heller hizo ndipo tukapata neno letu hela. Basi serikali ilikuwa moja na mji ulikuwa mmoja, na rangi zilikaribiana. Lakini sarafu moja ilikuwa dhahabu, na nyingine ilikuwa shaba.

Nimeyataja hayo kwa sababu nataka tuzungumze leo juu ya usafi wa moyo. Bwana wetu alipowafundisha watu mlimani, aliwahesabu wenye moyo safi miongoni mwa wenye heri, akawaahidi kwamba watamwona Mungu. Wakristo wengi wakisikia maneno hayo hufikiri mara moja juu ya amri ya sita na ya tisa tu. Ni kweli, amri hizo zimo. Lakini moyo safi ni zaidi ya hapo. Dhahabu safi ni ile isiyochanganyika na kitu kingine, na moyo safi ni ule unaotenda jema kwa ajili ya Mungu na jirani, pasipo kuchanganya humo tamaa ya sifa, ya fedha au ya ukubwa.

Ili jambo hili lisibaki maneno matupu, nitawasimulia maisha ya mtu mmoja. Hakuishi Shelui. Aliishi mbele zaidi ya Tabora, katika pwani ya Ziwa Tanganyika, mahali paitwapo Karema. Wazee wa nchi ile walimjua kwa jina la Daktari Atiman.

MTOTO ALIYEUZWA

Adrian Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na mto Niger, upande wa Timbuktu, katika nchi ambayo leo inaitwa Mali. Alikuwa bado mtoto mdogo alipokamatwa na wezi wa watu. Akauzwa kama mbuzi auzwavyo mnadani, kisha akavushwa jangwa la Sahara pamoja na mali nyingine za wafanya biashara. Tangu siku ile hakuwa tena mtoto wa baba na mama yake, alikuwa bidhaa yenye bei.

Mwaka 1876, huko Aljeria, Mapadre Weupe walimkomboa kwa fedha. Shirika hilo lilikuwa changa bado, kwa maana Askofu Mkuu Charles Lavigerie wa Algiers alilianzisha mwaka 1868. Atiman akatunzwa, akafundishwa kusoma na kuandika, akajifunza dini, akabatizwa akaitwa Adrian.

Lavigerie, ambaye Baba Mtakatifu alimfanya kardinali mwaka 1882, alikuwa na shauri kubwa moyoni. Aliona kwamba Afrika itaongoka kwa mikono ya Waafrika wenyewe, na kwamba mganga wa kweli hupokelewa katika kila kijiji, hata pale ambapo mhubiri hufungiwa mlango. Kwa hiyo mwaka 1881 alifungua katika kisiwa cha Malta nyumba ya kuwalea vijana Waafrika waliokombolewa utumwani, wajifunze udaktari katika Chuo Kikuu cha kisiwa hicho. Hakutaka wawe mapadre. Alitaka wawe walei, wenye wake na watoto, waishi kama wanavyoishi watu wa Afrika, wakiwa madaktari na makatekista pamoja. Atiman alikuwa mmoja wa vijana hao. Alipomaliza masomo, mwaka 1888, alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili hivi, mwenye elimu ambayo Waafrika wachache mno wa siku zile walikuwa nayo.

SAFARI YA KWENDA ZIWANI

Mwaka ule ule alitumwa Afrika ya Mashariki. Tufikiri kidogo maana ya safari hiyo. Nchi aliyozaliwa ilikuwa magharibi, mbali sana. Lugha za huku hakuzijua, wala hakuwa na ndugu hata mmoja. Tena pwani yetu wakati huo ilikuwa imewaka moto wa vita kati ya Wajerumani na watu wa Abushiri. Msafara ukatoka pwani ukaenda kwa miguu, miezi mingi, ukipita katika pori na nchi kame, hata ukafika Karema mwaka 1889.

Karema palikuwa na boma lililojengwa mwaka 1879 na Wabelgiji, nalo lilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe mwaka 1885. Pembezoni mwa ziwa biashara ya watumwa ilikuwa haijakoma. Watu walikuwa bado wanakamatwa vijijini na kuvushwa ng'ambo, kama alivyokamatwa yeye. Kijana aliyetoka katika minyororo akarudishwa palepale penye minyororo, lakini safari hii akiwa amechukua mkoba wa dawa.

Aliyeonewa akipata nguvu huweza kufanya mambo mawili. Aweza kutafuta kulipiza kisasi, na watu watamwelewa. Au aweza kuwatazama wanaoumia kama alivyoumia yeye, akawahudumia. Atiman alichagua la pili, wala hakuliacha hata alipokufa.

MIAKA SITINI NA SABA

Habari za kazi yake zaweza kusemwa kwa maneno machache, kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa ile ile kila siku. Aliamka, akasali, akawapokea wagonjwa. Alitibu homa, vidonda, tumbo, macho; alipasua penye haja ya kupasua. Malale yalipoenea katika pwani ya ziwa mwanzoni mwa karne ya ishirini na kuua watu wengi, yeye alikuwa miongoni mwa waliopambana nayo. Tena alikuwa katekista. Mkono uliofunga kidonda ndio uliofundisha ishara ya msalaba.

Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa ukoo wa kitemi katika kabila la Wabende. Kwa ndoa hiyo mgeni akawa mwenyeji, naye hakufikiri tena kurudi kwao wala kwenda kwingine. Mungu akawapa mtoto, Joseph. Kijana huyo akaingia seminari, akapewa daraja takatifu ya upadre mwaka 1923.

Nyakati zilibadilika juu ya kichwa chake. Askofu Léonce Bridoux alifariki mwaka 1890, mwaka mmoja tu baada ya Atiman kufika Karema. Akaja Askofu Adolphe Lechaptois, akaongoza tangu mwaka 1891 hata alipofariki mwaka 1917. Wamisionari wengi walikuja wakiwa vijana, wengine wakalala makaburini kwa homa, wengine wakahamishwa. Wajerumani walikuja wakatawala, wakaondoka. Wakaja Waingereza, nao wakatawala. Atiman alikuwa pale pale. Mwaka 1946 habari za maisha yake, alizozisimulia mwenyewe, zilichapishwa kwa Kiingereza, na wasomaji wa mbali wakapata kumjua. Katika uzee wake Kanisa na Serikali zilimtunukia nishani. Alifariki Karema mwaka 1956, mwenye umri wa miaka tisini hivi, baada ya kuwatumikia wagonjwa wa nchi ile kwa miaka 67. Ilibaki miaka mitano tu Tanganyika ipate uhuru wake.

JE, ALIKUWA ANALIPA DENI?

Msomaji mwenye akili pevu anaweza kuniuliza swali, nami nataka kulijibu bila kulikwepa. Huyu alikombolewa kwa fedha za misioni, akalelewa na kusomeshwa nayo, akatumwa nayo. Je, alikuwa na hiari gani? Huenda alikaa Karema kwa sababu tu hakuwa na pa kwenda. Huenda alikuwa analipa deni.

Kwanza tukiri kwamba hakuna mtu awezaye kuuona moyo wa mwenziwe. Mungu peke yake ndiye aonaye. Wala hatutaki kulitangulia Kanisa, ambalo halijamtangaza Atiman kuwa mtakatifu. Sisi tunatazama matunda tu, kama tulivyofundishwa na Bwana wetu.

Lakini tukiyatazama matunda, twaona hivi. Shukrani ni jambo jema, na yawezekana kabisa kwamba mwanzoni kijana Atiman aliongozwa na shukrani. Ni nani asingeshukuru? Hata hivyo deni lina mwisho. Mtu anayelipa deni huhesabu. Akimaliza mwaka wa tano au wa kumi husema moyoni kwamba sasa yatosha, tumelipana. Naye Atiman alikuwa na elimu ambayo ingaliweza kumfungulia milango mingine. Katika nchi yenye madaktari wachache kama yetu ya siku zile, ujuzi wake ulikuwa mali. Angeweza kwenda penye mji mkubwa, akafungua nyumba ya kutibu wenye uwezo, akajenga, akaheshimiwa. Hakwenda. Mwaka wa kumi ulimkuta Karema, na wa thelathini, na wa sitini.

Hapo ndipo tunapoona jinsi Mungu anavyosafisha nia ya mtu. Wengi wetu hatuanzi na moyo safi kabisa. Twaanza na mchanganyiko: kidogo kwa ajili ya Mungu, kidogo kwa ajili ya wazazi, kidogo kwa ajili ya sifa, kidogo kwa sababu hatukuona njia nyingine. Mungu hatukatai kwa sababu hiyo. Hututia katika kazi, akaacha miaka itutikise, kama yule mzee wa Shelui alivyotikisa karai lake. Kinachong'aa bure huchukuliwa na maji, na kilicho kizito hubaki.

MAJARIBU MATATU

Katika maisha ya Atiman naona majaribu matatu yaliyopima nia yake, nayo ndiyo yanayotupima sisi.

La kwanza ni kazi isiyoonekana. Karema si mji wa watu wengi, nao uko mbali na barabara kuu hata leo. Kidonda kilichofungwa vizuri pale hakikuandikwa gazetini. Ni rahisi kutenda mema mbele ya umati, kwa maana macho ya watu ni kama upepo usukumao mashua. Upepo ukikoma, ndipo ajulikanapo mwenye kupiga kasia kwa nguvu zake. Atiman alipiga kasia miaka mingi pasipo upepo.

La pili ni sifa. Wengine hushangaa nikisema kwamba sifa ni jaribu, maana hudhani jaribu ni taabu tu. Lakini watu wengi waliovumilia taabu wameangushwa na sifa. Nishani zilimfikia Atiman katika uzee, baada ya miaka mingi ya kazi. Hakuzifuata, zilimfuata. Na alipokwisha kuzipokea hakuhama wala hakubadili maisha yake. Alibaki Karema na wagonjwa wake hata kufa. Mti ulioota mizizi kwanza haung'olewi na uzito wa matunda yake.

La tatu ni mtoto. Sisi Waafrika twajua maana ya mwana wa kiume. Yeye ndiye mwenye kuendeleza jina la ukoo. Sasa mfikirini mtu huyu aliyenyang'anywa ukoo wake wote akiwa mtoto, ambaye hakuwa na kaka wala shangazi katika nchi yote hii. Kwa mtu wa namna hiyo kila mjukuu angekuwa kama ukoo unaofufuka. Naye akamtoa Joseph awe padre. Kwa hesabu ya dunia, alikata tawi kwa mkono wake. Hapa sioni tena deni kwa misioni. Kwa macho yangu hilo ni tendo la mtu asiyemtaka Mungu ampe kitu, ila amtakaye Mungu mwenyewe.

NA SISI JE?

Wasomaji wapenzi, yatufaa nini kuyajua haya tusipojitazama?

Nasikia huzuni kuona mambo fulani katika parokia zetu. Michango ya kujenga kanisa inatolewa, nasi twamshukuru Mungu. Lakini wako wanaokasirika majina yao yasiposomwa, na mwaka unaofuata hawatoi. Viongozi wa halmashauri huchaguliwa ili watumike, lakini wako wanaoacha hata kusali katika jumuiya yao wakishindwa uchaguzi. Mwimbaji huhama kwaya kwa sababu mwingine amepewa kuongoza wimbo. Kazi hizi zote zina sura nzuri na muhuri wa Kanisa, kama sarafu za Tabora zilivyokuwa na muhuri wa serikali. Lakini ndani ni dhahabu, au ni shaba?

Nawasemea kwa namna ya pekee ninyi mfanyao kazi katika zahanati na hospitali. Mgonjwa afikapo kwenu usiku hana la kujadiliana nanyi, maana maisha yake yamo mikononi mwenu. Yeye anayengojea apewe kitu kidogo ndipo anyanyuke kitini amemtia mgonjwa bei, na Atiman alijua mtoto mdogo jinsi ilivyo kutiwa bei. Mkipata jaribu hilo, mkumbukeni.

Nawasemea makatekista. Posho yenu ni ndogo, tena mara nyingine inachelewa. Hilo ni kosa letu sote, nasi waamini yatupasa kulitengeneza, tusijifiche nyuma ya maneno matakatifu. Usafi wa nia ya katekista hauwapi wengine ruhusa ya kumwacha na njaa. Lakini ninyi jueni kwamba kazi yenu Mungu ameiweka mahali ambapo mizani ya dunia haifiki.

Nawasemea wazazi. Mnapowaombea watoto wenu masomo mema, mwaombea wawe nani? Wapate vyeo ili wawainue ninyi, au wapate uwezo ili wawainue wanyonge? Ombi la kwanza si dhambi. Mtoto hana budi kuwatunza wazazi wake. Lakini likibaki peke yake, mtoto hujifunza mapema kwamba elimu ni kitu cha kuuza tu.

Wala mimi nisijitoe. Mwandishi wa ukurasa huu akiliona gazeti limetoka, hutazama kwanza makosa ya chapa. Na jambo la pili, Mungu amsamehe, hutega sikio kama yuko aliyemsifu. Ndiyo maana nawaandikia juu ya usafi wa moyo kama mtu aulizaye njia pamoja nanyi.

Basi tufanye nini? Kanisa limetufundisha njia rahisi, inayofaa mkulima wa Shelui na profesa wa chuo kikuu sawasawa. Asubuhi, kabla ya kushika jembe au kalamu, mtolee Mungu kazi ya siku hiyo. Jioni, kabla ya kulala, chunguza dhamiri, usiulize tu umefanya nini, bali uliza ulifanya kwa ajili ya nani. Ukikuta takataka, usikate tamaa wala usiache kazi njema kwa kuogopa kwamba nia yako si safi. Huo ni mtego mwingine wa Shetani, anayefurahi wema wakikaa bure. Endelea na kazi, uungame, uanze tena. Na kila juma fanya jema moja ambalo hutamwambia mtu yeyote, hata mwenzi wako. Utaona jinsi ulimi unavyowasha kutaka kulisema, nawe utaanza kujua yaliyomo chini ya karai lako.

Atiman alitiwa bei mara nyingi akiwa mtoto. Watu walimtazama meno na mikono, wakakadiria atafaa fedha kiasi gani. Kisha akaishi miaka sitini na saba akiwatumikia watu waliokuwa hawawezi kumlipa. Hivyo aliyeuzwa alijitoa bure, na katika kujitoa bure akawa mtu huru kupita wale waliomnunua. Kaburi lake liko Karema, katika jimbo ambalo leo ni Jimbo la Mpanda. Yeyote apitaye huko na asimame kidogo, amwombe Mungu neema ya moyo usiochanganyika. Na sisi tulio mbali tuombe neema hiyo hiyo, kila mmoja mahali alipo, kabla jua halijachwa leo.